Mahali Anapokwenda Secilia Saa Kumi

Kila siku saa kumi alasiri mke wangu huniacha. Huondoka bila kuinuka kwenye kiti cha mbao nilichomchongea mwenyewe. Hufumba macho, huweka mikono yake iliyovimba juu ya khanga, na baada ya dakika chache uso hulegea. Siku nyingine hutabasamu. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, na sikumbuki kama nimewahi kumfanya atabasamu vile. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia maisha ya Secilia kwa moyo mweupe. Mimi ni mtu wa wivu. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata nilipokuwa nanyonya nilimsukuma kaka yangu asikae karibu naye.

Secilia alizaliwa upande wa Mlola, katika nyumba ya wafinyanzi. Mama yake, Klara, alifinyanga vyungu, na bibi yake alifinyanga kabla ya hapo. Kwetu udongo ni kazi ya wanawake. Ule wa kwao huchimbwa mahali pamoja tu, bondeni, ng'ambo ya kijito chembamba ambacho hata mbuzi hukivuka bila kufikiri. Mwanamume hakivuki. Akivuka, vyungu vyote vya msimu vitapasuka motoni. Hakuna anayeeleza kwa nini, na mtoto wa kiume haulizi mara mbili.

Alipokuwa na miaka tisa Secilia alikwisha kuaminiwa kulainisha chungu cha kupelekwa ukweni kwa kokoto ya mama yake. Alipofika ishirini, wanawake sokoni walikuwa wakigonga vyungu vyake kwa kidole, wakisikiliza mlio, na kununua bila kubishana. Mimi sikuwa najua kitu kuhusu vyungu. Nilichokiona ni mikono ile. Nilikuwa kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisa letu la Kilutheri, naye alikuwa anakaa benchi la tatu upande wa wanawake, ameshika kitabu cha nyimbo kwa vidole virefu vilivyonyooka, na nilikosea noti mbili kwa ajili yake.

Sikuwa peke yangu. Mwalimu Timotheo wa shule ya msingi alikuwa amekwisha kupeleka maneno kwao. Timotheo alikuwa na baiskeli na Kiswahili cha vitabuni. Mimi nilikuwa na tarumbeta na shamba la viazi. Secilia akanichagua mimi. Sijawahi kumuuliza sababu, kwa kuwa nilihofia angelifikiria upya.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alirudi kwao siku tatu kuchimba udongo na mama yake. Siku ya pili moyo ulianza kunitafuna. Shule ya Timotheo ilikuwa upande ule ule. Nikajiambia kwamba mwanamke hawezi kuhitaji siku tatu kwa ajili ya matope. Nikaacha jembe, nikateremka bondeni, nikafika kijitoni, nikasikia vicheko ng'ambo. Nikavuka.

Nilikuta wanawake wanane, wamezama kwenye shimo hadi magotini. Mke wangu alikuwa katikati yao, matope yamempanda hadi viwikoni, anacheka kwa sauti ambayo nyumbani kwangu nilikuwa sijaisikia. Waliponiona wakanyamaza wote pamoja. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kusema.

"Umeshafika," alisema. "Sasa rudi."

Vyungu vya msimu ule vilipasuka vyote. Mimi mpaka leo nasema kuni zilikuwa mbichi. Mama mkwe hakunisemesha tena hadi alipozaliwa binti yetu Glory, na hata hapo alianza kwa kuniuliza kama nimefunga mbuzi. Secilia hakunigombeza. Alikusanya vigae vyote, akavibeba kichwani mpaka kwetu, akavimwaga kwenye kijia cha kwenda shambani kwangu. Nimevikanyaga kila asubuhi tangu siku hiyo. Vingine bado vipo.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka arobaini na saba. Ulianzia kwenye vifundo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja. Akiamka hawezi kukunja ngumi, na ilikuwa mpaka saa nne ya asubuhi ndipo vidole vianze kumtii. Halafu ukaenda kwenye vifundo vya mikono, halafu magotini. Majirani walisema ni baridi ya udongo. Wengine walisema kuna mwanamke amemwonea kijicho kwa sababu ya vyungu vyake, na mimi nilikubali upesi, kwani wivu wa wengine niliuona tangu mbali. Tulichemsha majani, tukamchanja, tukamwombea, na miaka miwili ikapotea hivyo. Glory, aliyeolewa Tanga, ndiye aliyekuja akamchukua mama yake na kumpeleka hospitali bila kuniomba ruhusa.

Daktari alisema ni baridi yabisi, ile inayotokana na mwili wenyewe. Alieleza kwamba askari wa mwili wamewageukia wenye nyumba. Akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, na vingine vya kuvisindikiza. Vilisaidia. Uvimbe ulipungua, lakini vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka, na maumivu yalikwenda na kurudi yalivyotaka. Udongo akauacha. Kokoto ya mama yake aliiweka dirishani, na nikimwona anaitazama nilikuwa najifanya natafuta kitu.

Nilimhudumia, na hili nataka liandikwe. Nilijifunza kumfunga vifungo vya blauzi. Nilimwosha nywele. Nilisonga bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mikono yangu mwenyewe, nikachekwa na wanaume wenzangu, nikaendelea kusonga. Nilimchongea kiti chenye mikono mipana. Kwa miaka mitano kama kulikuwa na mtu wa kushukuriwa duniani kwa kila pumziko la Secilia, alikuwa mimi.

Ndipo akaja Jamali.

Jamali ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Tanga, shati limenyooka hata siku ya mvua. Mwaka juzi alianzisha darasa pale hospitalini Lushoto kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu, Jumatano moja kila mwezi. Nilimpeleka Secilia kwa gari la asubuhi, nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na wasindikizaji wengine. Baada ya saa nzima akatoka, mabega yameshuka, uso umepoa.

"Mmefanya nini humo?" nikamuuliza.

"Tumepumua."

"Mmepumua tu?"

"Tumepumua, halafu tumelegeza mwili, kiungo kimoja kimoja."

Nilicheka mpaka kituoni. Nikamwambia kwamba mimi napuliza tarumbeta mwaka wa thelathini na tano sasa, kwamba nyumbani kwake analala mtaalamu wa pumzi asiye na foleni, na yeye kapanda gari kushuka milima yote hii ili afundishwe kupumua na mtoto wa watu. Aliniacha nimalize.

"Wewe unapumua ili watu wasikie," alisema.

Njiani alinieleza alivyofundishwa, kwa mpangilio, jinsi alivyokuwa akimweleza Glory hatua za chungu. Maumivu ya kiungo ni kitu kimoja. Hofu ya maumivu ni kitu cha pili, nayo hukaza misuli, na misuli ikikaza kiungo huuma zaidi. Dawa zinapigana na kile cha kwanza, kwa hiyo asiache dawa hata siku moja. Hiki cha pili mwenyewe anaweza kukipunguza, kwa pumzi, kwa kulegeza mwili, kwa kuupeleka moyo mahali pengine. Agawe kazi vipande vipande na apumzike kabla ya kuchoka. Na kila jioni aandike kwenye daftari namba ya maumivu yake, kuanzia sifuri hadi kumi. Siku ile aliandika nane.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini mwezi uliofuata alirudi na Jamali ndani ya simu.

Alikuwa amemrekodi. Glory alikuwa amemnunulia mama yake simu ya kugusa, na sasa ndani yake ilikaa sauti ya mwanamume mwingine, na kila saa kumi mke wangu aliiweka mezani, akaiwasha, akafumba macho. "Karibu, mama," sauti ilisema. "Kaa vizuri. Miguu iguse sakafu." Najua Jamali humwita mama kila mwanamke aliyemzidi umri. Najua ni rika la binti yangu, na kila tukikutana hunipa shikamoo mzee kabla sijafunga mwavuli. Wivu hausomi cheti cha kuzaliwa.

Nilianza kuwa na kazi karibu na dirisha. Nilinoa panga pale. Nilichambua maharage pale. "Vuta pumzi taratibu, moja, mbili, tatu, nne. Iachie kwa sita. Legeza taya. Legeza mabega. Legeza viganja, kidole kimoja kimoja. Hakuna anayetaka kitu kwako kwa sasa." Na mimi nimekaa nje, nataka chai.

Mwisho ndio ulikuwa unanichoma. "Sasa nenda mahali ulipowahi kutulia," sauti ilisema. "Ni mahali pako, huhitaji kumwambia mtu. Tazama ardhi yake. Sikia harufu yake. Nani yuko pale pamoja nawe?" Halafu kimya cha dakika sita. Katika dakika hizo sita ndimo mke wangu alimokuwa akitabasamu.

Nilivumilia wiki mbili, ambazo kwangu ni nyingi. Nikamuuliza, "Hivi unakwendaga wapi?"

"Jamali amesema si lazima kusema."

"Jamali siye aliyekuoa."

"Ndiyo maana hakuuliza," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Naam, alikuwa anamenya viazi, kitu ambacho mikono yake ilikuwa imekiacha muda mrefu. Namba za kwenye daftari zilikuwa zinashuka, nane, sita, tano, siku nyingine nne. Alirudi kwenye kwaya ya akina mama. Usiku hakuugulia maumivu tena. Mwanamume mwingine angetoa sadaka ya shukrani. Mimi nililifungua daftari lile kwa siri, na kila namba iliyoshuka niliona ni Jamali aliyeishusha. Miaka yangu mitano ya vifungo na bada haikuwahi kuandikiwa hata namba moja.

Na kuhusu mahali pale, nilikwisha kuamua. Ni kwa Timotheo. Mwalimu yule alihamia Amani zamani sana, sasa amestaafu, ana wajukuu na upara. Lakini ndani ya macho ya Secilia yaliyofumbwa, nilijua, upara haukuwapo, na baiskeli ilikuwa mpya.

Siku niliyofanya nilichofanya ilikuwa ya kipupwe, ukungu umelala mpaka mchana. Secilia alikwenda mazoezi ya kwaya na kuacha simu mezani. Mimi na simu hizi hatuelewani, lakini wivu ni mwalimu mzuri. Nikaitafuta sauti ya Jamali nikaipata. Nikaweka kidole na kukishikilia muda mrefu mpaka maandishi yakatokea. Simu ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Nikabonyeza. Ikaniuliza tena, ikaniambia haitarudi. Nikabonyeza tena. Kisha nikatoka nje kwenda kupalilia karoti, nikipiga mluzi.

Saa kumi akakaa kwenye kiti. Nilimwona kupitia dirishani akiitafuta ile sauti, akigusa, akirudi nyuma, akigusa tena kwa kidole kile kilichopinda ambacho hugusa kwa ubavu. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Baba Glory," akaita. "Sauti haipo."

"Sauti gani?"

"Yangu ya kupumua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jembe. Aliitazama mikono yake, ya kulia na ya kushoto, akaigeuza.

"Ni vidole hivi," alisema. "Vinagusa nisipotaka. Juzi vilimpigia mchungaji bila mimi kujua. Vidole hivi sasa vimenimaliza."

Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Ilikaa pale mlangoni pamoja nami, ikaningoja kabisa.

"Simu za siku hizi," nikasema, nikaenda kuosha jembe ambalo lilikuwa safi.

Alijaribu bila sauti. Alifika mabegani, akapotea, akaanza upya, akapotea. Alimpigia Jamali, simu haikupatikana. Halima, jirani yetu anayekwenda naye darasani, alituambia kwamba Jamali ameenda masomoni kwa wiki sita na darasa limesimama. Halima mwenyewe hakuwa na simu ya kurekodia. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na ladha mbaya mdomoni.

Siku ya kumi ugonjwa ukalipuka. Daktari alituambia baadaye kwamba baridi yabisi ina misimu yake, hulipuka yenyewe, na baridi ile ya mwezi wa saba haikusaidia. Lakini daktari hakujua habari ya simu. Vidole vya Secilia vilivimba hadi ngozi ikang'aa. Magoti yalikataa ngazi ya mlangoni. Daftari lilisema tisa, tisa, kisha likaacha kusema, kwa sababu hakuweza kushika kalamu. Kwaya aliiacha. Dawa alimeza zote, wala hakulalamika, alikaa tu kwenye kile kiti changu kipana, mabega yamepanda hadi masikioni.

Jioni moja nilimuuliza kwa nini hajaribu kufumba macho.

"Nikifumba siendi popote," alisema. "Nabaki hapa hapa."

Hapa hapa palikuwa ni kwangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mke aliye nyumbani mchana kutwa, bila Jamali wala Timotheo, na nilikuwa namwangalia anaumia.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea uji. Vidole vilikuwa vimekakamaa, pumzi fupi fupi za juu, taya limekaza hata kijiko hakipiti. Nikamwambia anywe japo kidogo. Akatikisa kichwa. Nilisimama pale na kikombe, na nikausikia mdomo wangu unasema:

"Karibu, mama. Kaa vizuri. Miguu iguse sakafu."

Akafumbua jicho moja. Nikaona aibu, lakini nilikuwa nimekwisha kuingia, kama mtu aliyeanza wimbo kanisani peke yake, hana pa kurudi. Nikaendelea. Na hapo nikagundua kwamba nayajua yote, neno kwa neno. Hakuna mwanafunzi anayesoma somo lake jinsi mwenye wivu anavyosoma maneno ya mpinzani wake. Nilijua Jamali anapomeza mate. Nilijua anavyosema "taratibu" kwa kuivuta, Kitanga. Na kuhesabu pumzi ni kazi yangu tangu ujana: nne za kuvuta, sita za kuachia, bila kukata katikati. Nikamchukua kutoka nyayoni mpaka magotini, nikamvusha kiunoni, nikafika tayani. "Hakuna anayetaka kitu kwako kwa sasa," nikasema, na kikombe cha uji bado mkononi. Nikakiweka chini.

Kisha nikafika pale.

"Sasa nenda mahali ulipowahi kutulia," nilisema. "Ni mahali pako. Huhitaji kumwambia mtu."

Sehemu ya kuuliza nani yuko pale niliiruka. Nikanyamaza. Sikuwa na saa, kwa hiyo nilihesabu beti za wimbo wa mavuno kichwani, sauti ya tarumbeta ya pili, ambayo ndiyo yangu. Katika ubeti wa nne mabega yake yalishuka. Katika ubeti wa sita vidole vya mkono wa kulia vikalegea kidogo, vikaonyesha kiganja. Alipofumbua macho alikunywa nusu ya uji.

"Nane," alisema. Nikatafuta kalamu nikamwandikia.

Tulifanya hivyo mara tatu kwa siku. Niliacha karoti zipambane na magugu zenyewe. Saba, saba, sita. Siku ya tano, alasiri, ukungu ukiwa umeinuka kidogo upande wa msitu wa Shume, nilimfikisha mwisho, nikanyamaza, na Secilia akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile. Nilikuwa nimempeleka mwenyewe, kwa mdomo wangu, na bado nikaungua. Nikashindwa hata kumaliza ubeti wa pili.

"Mimi ndiye niliyeifuta," nikasema.

Hakufumbua macho. "Najua."

"Unajua?"

"Kufuta kunataka kubonyeza na kushikilia. Halafu kubonyeza tena, halafu tena. Vidole hivi haviwezi kukaa mahali pamoja muda wote huo, Baba Glory. Wewe ndiye unayenifunga vifungo."

Nilikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. "Sasa mbona ulisema ni vidole vyako?"

"Nilitaka nione utaviacha vibebe kosa lako mpaka lini." Akafumbua macho, akanitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Umeviacha siku kumi na tisa. Kama havina mzigo wao."

Nililia. Nina miaka hamsini na nane na nililia juu ya khanga ya mke wangu, nikashika mikono yake, kisha nikakumbuka inauma, nikaiachia, nikabaki sijui pa kuweka yangu. Yeye ndiye aliyeweka wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito na wa moto.

"Na sasa unataka kuuliza niendako," alisema.

"Sitaki tena," nikasema uongo.

"Ni kwenye udongo. Ng'ambo ya kijito. Mama yupo, na shangazi zangu, na wale wote waliokwisha kufa. Matope yananifika hapa." Alitaka kuonyesha kiwiko, mkono ukakataa, akaonyesha kwa kidevu. "Nafinyanga. Vidole vyangu vimenyooka."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Timotheo hayupo?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema aah, inauma, akacheka tena. Ilikuwa ile sauti niliyoisikia siku niliyovuka.

"Mwanamume gani atakuwepo pale?" aliuliza.

"Hata mimi?"

"Wewe ulishakuja mara moja," alisema. "Kumbuka kilichotokea."

Mlipuko uliisha taratibu, baada ya wiki tatu na baada ya daktari kuongeza dawa. Jamali aliporudi tulikwenda Lushoto pamoja, na safari hii niliingia darasani. Secilia akamsimulia yote mbele ya watu kumi na mmoja, hakuniachia hata shuka la kujifunika. Jamali alicheka, akasema mzee, hongera, na akarekodi sauti nyingine kwa ajili ya siku ninazokuwa shambani. Niliomba niisikilize kwanza. Nilimwambia kwamba pale magotini anakwenda haraka mno, magoti ya Secilia yanataka pumzi mbili. Akarudia. Sasa iko ndani ya simu, siifuti, na siku ninazoikuta inaongea nyumbani kwangu bado napitia mlango wa nyuma.

Mtu akiniuliza kama nimepona wivu, namwambia baridi yabisi haiponi, watu huishi nayo. Sasa namwonea wivu mama mkwe aliyekufa. Nawaonea wivu shangazi zake, na lile shimo la udongo. Zaidi ya wote namwonea wivu yule msichana mwenye vidole vilivyonyooka, anayecheka hadi bondeni kote kunasikika, ambaye nilimwona mara moja tu, nikamnyamazisha.

Kwa hiyo saa kumi ikifika nachukua kokoto dirishani, naiweka kwenye kiganja cha Secilia, nakaa kwenye kigoda mbele yake. Namtoa nyayoni, magotini pumzi mbili, kiunoni, mabegani, tayani, kidole kimoja kimoja. Maneno ya mwisho ya Jamali nimeyabadilisha. Mimi nasema hivi: "Tumefika kijitoni, Mama Glory."

Halafu nanyamaza. Yeye anavuka, na mimi nabaki upande huu.